REAPER 7: programu ya kurekodi inayomfaa anayejifunza muziki ukubwani

Mtu mzima anayejifunza gitaa, kinanda au kuimba hakosi masomo. Masomo yamejaa kila mahali. Anachokosa ni sikio la pili, la kumwambia kwamba kila akitoka C kwenda F mkono unasita, au kwamba ubeti wa pili huwa anauharakisha. Mwalimu, kama yupo, huja mara moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki mpigaji anajisikiliza huku anapiga, na akili iliyobanwa na vidole haiwezi saa hiyohiyo kutoa hukumu. Kwa hiyo tathmini hii inaipima REAPER kwanza kama daftari la mazoezi, halafu ndipo kama studio ya nyumbani. Kwenye kazi hiyo ya kwanza ni nzuri mno, kwa sharti moja: ipimwe kabla ya kuaminiwa.

Programu hii ni ya kampuni ya Cockos, iliyoanzishwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki. Ilitoka hadharani mwishoni mwa 2005, toleo la 1.0 likafuata mwaka 2006, na toleo la 7 likatoka Oktoba 2023. Inakubali Windows, macOS na Linux. Kwenye simu haipo. Faili la kusakinisha kwenye Windows ni la takriban MB 15, na inaweza hata kuwekwa kwenye flashi ikatumika bila kusakinishwa kwenye kompyuta. Wepesi huo una gharama yake: ndani hakuna piano, hakuna ngoma, hakuna ampu za gitaa za kueleweka. Hilo tutalirudia.

Kupunguza kasi ya wimbo unaojifunza

Buruta faili la wimbo ulifikishe kwenye dirisha kuu, lakini usiguse tempo bado. Bonyeza Alt+Enter kufungua mipangilio ya mradi, tafuta palipoandikwa "Timebase", uchague "Time". Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. REAPER, kama ilivyokuja, hufunga vipande vya sauti na mapigo ya mradi. Ukibadilisha tempo kutoka 120 kwenda 92 ili metronomu iendane na wimbo, wimbo nao unavutwa pamoja, unarefuka, nawe unabaki unashangaa kwa nini mwimbaji amekuwa mzito. Ukishachagua "Time", wimbo unatulia mahali pake na ni mistari ya vipimo tu inayosogea.

Sasa tafuta tempo. Bofya neno BPM (mapigo kwa dakika) lililo karibu na vitufe vya kuchezea, ukifuata mdundo wa wimbo, mara nane au zaidi, namba itatulia. Zima unasaji (kipande kujinasa chenyewe kwenye mistari) kwa Alt+S, kuza picha ya wimbi la sauti, kisha sogeza wimbo hadi pigo la kwanza zito liangukie juu ya mstari wa mwanzo wa kipimo. Washa metronomu na usikilize vipimo thelathini. Nyimbo zilizorekodiwa na bendi bila metronomu zitaanza kuteleza, na hilo si kosa lako. Weka alama mpya ya tempo kwa Shift+C pale mteremko unapoanza, kisha endelea. Kwa wimbo wa dakika nne uliopigwa na watu hai, alama nane hadi kumi na mbili kwa kawaida zinatosha mazoezi.

Kasi yenyewe inapunguzwa kwa kitelezi kilichoandikwa "Rate". Kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uhakikishe chaguo la "Preserve pitch" limewekewa alama. Bila hilo sauti inashuka kama kanda inayokwama na gitaa lako halitaafikiana nayo tena. Kati ya 0.70 na 1.00 (kasi halisi) matokeo ni safi sana. Kufika 0.50 matoazi yanaanza kusikika kama mchanga unaomwagwa, na chini ya hapo ni noti tu zinazosomeka, si mguso wa mpigaji. Kama kinachopunguzwa ni sauti moja peke yake, mathalani mwimbaji au filimbi, fungua sifa za kipande kwa F2 na uchague njia ya kunyoosha sauti iitwayo élastique Soloist badala ya élastique Pro. Tofauti inasikika mara moja.

Kupandisha kasi kuna nidhamu yake. Hatua za 0.05 zinatosha, na usipande mpaka kifungu kimepita mara tatu mfululizo bila kosa. Anayeruka kutoka 0.60 hadi 0.90 kwa kawaida anapanda na kosa lake, kwa sababu vidole vinakariri kile vilichofanya, kiwe sahihi au la.

Kurekodi kwa mzunguko

Hiki ndicho kipengele kinachostahili sifa kuliko vyote. Buruta kwenye rula iliyo juu kuchagua vipimo vinne vinavyokusumbua, bonyeza R ili kurudia kuwe kumewashwa, bonyeza kitufe chekundu cha traki (mstari wa kurekodia ala moja) ili iwe tayari kupokea, kisha Ctrl+R. REAPER inazunguka vipimo hivyo, na kila mzunguko inauhifadhi kama jaribio la pekee juu ya kipande kilekile. Piga mara ishirini bila kusimama, bila kugusa kipanya. Ukimaliza, kila jaribio lipo. Ctrl+L inayafunua yote yakiwa yamepangwa moja chini ya lingine, na herufi T inakupeleka kutoka jaribio moja hadi jingine.

Ongeza mwanya mwanzoni mwa kifungu. Bofya metronomu kwa kitufe cha kulia na uwashe kuhesabu kabla ya kurekodi, kipimo kimoja au viwili. Vilevile refusha eneo la kurudia kwa kipimo kimoja kitupu mwishoni, la sivyo mzunguko unakurudisha mwanzo kabla mkono haujarudi mahali pake, na majaribio yote ishirini yataanza kwa noti iliyochelewa.

Kisha soma picha. Kwa tempo ya 80, pigo moja lina milisekunde 750, nusu yake 375, na robo yake 187.5. Kuza hadi uone mistari ya robo hizo na uangalie mwanzo wa kila noti umeangukia wapi. Noti zikitangulia mstari kwa milisekunde 30 au 40 kwa mfululizo, unakimbilia. Zikitangulia mara moja na kuchelewa mara moja, tatizo si haraka, ni kukosa hesabu ndani ya mwili, na dawa yake ni kuhesabu kwa sauti. Picha inaonyesha pia kosa lililofichika zaidi: kukimbilia sehemu rahisi. Watu wengi hushika tempo vizuri kwenye kifungu kigumu, kisha wanatimua mbio kikiisha.

Angalizo kwa wenye fidla, filimbi na sauti ya kuimba: mwanzo wa noti zenu hupanda taratibu, hauna kilele kama cha gitaa au ngoma. Msipime kwa ukingo wa wimbi. Funga macho usikilize dhidi ya metronomu.

Wapo watakaosema haya yote yanaondoa roho ya muziki. Sikubaliani nao. Mpigaji anayejua anachelewesha noti makusudi anapendeza. Anayechelewesha bila kujua anawasumbua wenzake, na picha ya wimbi ndiyo inayowatenganisha wawili hao.

Lakini je, programu inakuambia ukweli?

Sauti ikiingia kwenye kompyuta inapita kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo inayokusanya sauti kabla ya kuipitisha, na ikitoka inapita tena. Kwa 48 kHz, yaani vijipande vya sauti (sampuli) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 64 ni milisekunde 1.3, ya 128 ni 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7, na ya 1024 ni 21.3, kila upande, mbali na muda wa vifaa vyenyewe. Kona ya juu kulia ya dirisha REAPER huonyesha namba mbili, ya kuingia na ya kutoka; jumlisha. Ili kupata picha yake: sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, hivyo uchelewaji wa milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika yako. Hapo wengi wanavumilia. Ikifika 20, vidole vinaanza kusubiri sauti, tempo inazama, na mwanafunzi anajilaumu bure.

Kwenye Windows tumia dereva (programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa) ya ASIO, aina inayopunguza uchelewaji, iliyotengenezwa na kampuni ya kadi yako ya sauti. Kompyuta isiyo na kadi ya nje inaweza kutumia njia za jumla za ASIO4ALL au WASAPI, na inafaa kujaribia, ila kwa kazi ya kila siku kadi ya nje ya USB yenye njia mbili ndiyo kifaa cha kwanza cha kutafuta, kabla ya maikrofoni ya fahari. Hedifoni za Bluetooth ziache kabisa wakati wa kurekodi. Nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa REAPER unaoweza kuzirudisha.

Uchelewaji wa kusikia ni jambo moja. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: mahali rekodi inapowekwa kwenye mstari wa muda. REAPER huuliza dereva imechelewa kiasi gani, kisha inairudisha rekodi nyuma kwa kiasi hicho. Dereva ikitoa jibu la uongo, kila unachopiga kinaonekana kimechelewa au kimetangulia, hata ukiwa mpigaji bora duniani. Ndiyo maana kabla ya kuchambua noti hata moja unapaswa kufanya jaribio hili, la dakika kumi.

Chukua waya, uunganishe tundu la kutokea sauti la kadi na tundu la kuingilia la kadi hiyohiyo. Weka kwenye traki ya kwanza sauti fupi na kali kama kofi, iangukie juu ya mstari wa kipimo. Zima kusikiliza kwenye traki ya pili, la sivyo sauti itajizungusha yenyewe na kupiga yowe. Rekodi kwenye traki hiyo ya pili kile kinachorudi kupitia waya. Kuza hadi mwisho na upime umbali kati ya kofi la kwanza na la pili kwa sampuli. Zikilingana, uko salama. Zikitofautiana, nenda Preferences, sehemu ya Audio halafu Recording, ujaze namba hiyo kwenye sehemu ya kurekebisha kwa mkono, urudie jaribio. Kama rekodi sasa imeenda mbali zaidi, geuza alama ya kujumlisha iwe ya kutoa. Tofauti ya sampuli 480 kwa 48 kHz ni milisekunde 10 kamili. Ya sampuli 1,440 ni milisekunde 30, yaani kiwango kilekile ambacho tungekiita kukimbilia au kuzubaa. Rudia jaribio kila ukibadilisha kadi, dereva au ukubwa wa bafa.

Kuna makosa mengine mawili ya mwanzo yanayowasumbua karibu wote. La kwanza ni sauti kusikika mara mbili, kama uko ndani ya bomba. Kadi nyingi zina swichi ya kukupa sauti yako moja kwa moja, na REAPER nayo ina alama ya spika kwenye traki inayokupa sauti hiyohiyo ikiwa imechelewa kidogo. Washa moja, zima nyingine. La pili ni mwimbaji kusikika sikio la kushoto tu: traki imepangiwa njia mbili wakati maikrofoni iko kwenye tundu moja. Chagua "Input: Mono", njia 1.

Gitaa la umeme lichomekwe kwenye tundu lenye alama ya gitaa au neno "Inst". Tundu la kawaida halina ukinzani wa kutosha kwa pikapu zake (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), na sauti inatoka butu, imekatika juu, na hakuna ikwalaiza itakayoirudisha. Kwa nguvu ya kurekodia, vilele vikicheza kati ya −18 na −12 dB panatosha kabisa kwa biti 24. Hakuna faida ya kusukuma hadi karibu na 0. Ukipita hapo sauti inapasuka moja kwa moja. Faili la njia moja kwa 48 kHz na biti 24 hula takriban MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo majaribio ishirini ya nusu dakika ni kama MB 86. Futa yasiyofaa kila mwisho wa wiki.

Vifaa vya ndani, na vilivyokosekana

Plagini, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye traki kubadili au kutoa sauti, zinazokuja na REAPER hazina sura ya kuvutia. Ni madirisha ya kijivu yenye vitelezi, na zinafanya kazi kwa uaminifu kuliko nyingi zenye picha za vifundo vya dhahabu. ReaTune ni kifaa cha kutyunia ala: weka kwenye traki ya gitaa, usome noti na senti (sehemu za mia za nusu-toni) ilizopotoka. ReaEQ, ambayo ni ikwalaiza, kwa sauti ya kuimba ianze kwa kukata chini ya 80 Hz, panapojaa miguno ya feni na miguu sakafuni. Gitaa la kavu likivuma, punguza dB 3 mahali fulani kati ya 200 na 250 Hz kabla ya kuongeza chochote. ReaComp, ya kubana sauti kubwa, ikifunguliwa haifanyi kitu mpaka uteremshe kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikipita hupunguzwa; kwa sauti ya kuimba jaribu uwiano wa 3 kwa 1, kuingia milisekunde 15, kuachia 100, na ushushe kizingiti hadi mshale upunguze dB 3 hadi 6 kwenye maneno makali. ReaFIR inaweza kusomeshwa mlio wa feni na kuutoa, lakini ukiikaza sauti inageuka ya chini ya maji. Kuzima feni kunashinda plagini yoyote.

Mwangwi uweke kwenye traki yake, kisha traki nyingine ziutumie kwa kiasi tofauti. Kompyuta inapumua, na sauti zote zinakaa chumba kimoja. Kuweka mwangwi wa pekee kwa kila traki ndiko kunakofanya rekodi nyingi za nyumbani zisikike kama watu walio nyumba tofauti.

Sasa kwenye ala. ReaSynth ni ya kujaribia waya tu, na ReaSamplOmatic5000 ni hodari lakini inakutaka uwe na sampuli zako, hapa maana yake sauti za ala zilizorekodiwa. Anayepiga kinanda cha MIDI (kinachotuma maelekezo ya noti, si sauti) lazima atafute ala nje. Bahati nzuri zipo za bure zilizo imara: Surge XT na Vital kwa sintesaiza, Salamander kwa piano, iliyorekodiwa kutoka Yamaha C5 ikiwa na ngazi 16 za nguvu ya mguso, MT Power Drum Kit kwa ngoma, na Neural Amp Modeler kwa ampu za gitaa. REAPER inapokea plagini za aina za VST, VST3 na CLAP, na kwenye Mac pia AU. Plagini inayoangusha programu inaweza kuwekwa iendeshwe kivyake ili ikianguka isiuchukue mradi mzima. Hata hivyo, kuzitafuta, kuzisakinisha na kuielekeza programu kwenye folda zake kunaweza kumla mgeni wikiendi nzima. Mwenye Mac anayetaka kubofya na kusikia piano leo hii atafurahia zaidi GarageBand, na anayetaka kutunga kwa kupanga vipande vifupi vinavyojirudia atajikuta nyumbani kwenye Ableton Live. Kihariri cha MIDI cha REAPER kinatosha kusahihisha noti. Kwa anayetunga kwa noti tupu siku nzima kinachosha.

Menyu ni lawama nyingine ya haki. Zimejaa, majina yake ni ya mafundi, na jambo moja linaweza kuwa na njia tano. Dawa ni alama ya kuuliza kwenye kibodi: bonyeza "?" na orodha ya vitendo vyote inafunguka, andika neno, utapata kitendo na njia yake ya mkato. Kuna mwongozo rasmi wa PDF wa bure, ulioandikwa na Geoffrey Francis, wa kurasa zaidi ya 400. Usisomwe kama kitabu. Chukua sura ya kurekodi na ya kuhariri vipande, mengine yasubiri mahitaji.

Kosa lililo ghali kuliko yote ni la kuhifadhi. Ukianza kurekodi kabla ya kuupa mradi jina, sauti zinaenda kwenye folda ya jumla, na faili la mradi lenye mwisho wa .RPP linabeba maelekezo tu, si sauti. Ukilinakili hilo peke yake kwenda kompyuta nyingine, unafungua mradi wenye vipande bubu. Kwa hiyo Ctrl+S kwanza, weka alama kwenye chaguo la kutengeneza folda ya mradi na lile la kunakili sauti zote ndani yake, kisha ndipo ubonyeze kitufe chekundu.

Kutoa wimbo ni Ctrl+Alt+R. WAV ya biti 24 kwa kuhifadhi, MP3 kwa kutuma kwa mwalimu. Washa "Tail" kwa milisekunde 2,000 hivi kama kuna mwangwi, la sivyo noti ya mwisho inakatwa kama kwa kisu. Dirisha hilohilo linaweza kusawazisha ukubwa wa sauti. −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) na kilele kisichozidi −1 dB vinafaa kwa kusikiliza kwa kawaida.

Majaribio ni siku 60, programu ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Baada ya hapo inaendelea kufunguka ikiwa na dirisha la kukumbusha, lakini kisheria unatakiwa kulipia leseni. Zipo aina mbili, zenye programu ileile bila tofauti yoyote ya uwezo. Anayefanya muziki kama burudani anaangukia ile nafuu. Leseni ya toleo la 7 inabeba masasisho yote hadi mwisho wa toleo la 8. Ukihamia kompyuta nyingine, ingia Preferences, sehemu ya General, utoe mipangilio yako kama faili moja, njia za mkato zikiwemo. Namba uliyojaza kwenye jaribio la waya usiiamini huko ulikohamia mpaka umeipima upya.